Umepewa tutoria ya fizikia ya mwaka wa kwanza uhandisi? Anza hivi

Kila vyuo vikifunguliwa, Oktoba kuelekea Novemba hivi, napata meseji zilezile kutoka kwa TA wapya (wahadhiri wasaidizi wanaosimamia tutoria). Nimepewa grupu la festi yia wa uhandisi, watu sitini, fizikia ya utangulizi upande wa mekaniki, nianzie wapi? Nifanye maswali mangapi kwa saa? Mbona nikiuliza "mmeelewa?" wanaitikia ndiyooo alafu tesiti ikija wanalia? Nimejibu hayo maswali mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja, akija mwingine namrushia hii.

Nianze na aibu yangu tusije tukadanganyana. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha nilikuwa naingia na karatasi ya maswali, nawageuzia mgongo, saa nzima mimi na ubao, maswali manane au tisa, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Madogo wananakili kimya kabisa na mimi natoka najiona mkali kweli. Ikaja tesiti ya kwanza, ina swali la ndoo inayopandishwa kwa kamba, swali ambalo nilishalifanya ubaoni na wamebadilisha namba tu, na nusu ya darasa wakachora mshale wa kwenda juu wakauandika "fosi ya mwendo". Hamna fosi kama hiyo duniani. Mimi sikuwafundisha, na walimu wao wa advansi hawakuwafundisha, walikuja nayo tangu utotoni kwa kusukuma matairi mtaani, wakapita nayo olevo, wakapita nayo fomu siksi na A zao za PCM, na maswali yangu manane kwa saa hayakuigusa hata ukucha.

Fomula wanazo, wengine wanazo kuliko wewe maana wametoka kukesha na pasti pepa za NECTA. Kinachotakiwa ni wakitoe nje wanachoamini, kionekane, kigongane na kitu halisi mbele ya macho yao, ndo hesabu zifuate. Hatua zote hapa chini zinazunguka hapo.

Vitu vya kuandaa kabla hujaingia

- Mizani ya kuning'iniza, ile ya springi wanayopimia samaki. Ya dijitali ya kupimia mabegi ya safari nayo sawa, ila ya springi naipenda zaidi kwa sababu mshale unaonekana ukicheza.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ijae.
- Kamba nyembamba isiyovutika, kama mita moja na nusu, kufuli, na futi ya fundi cherehani au ya fundi ujenzi.
- Simu yenye programu ya Phyphox. Ya bure, imetengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen Ujerumani, inasoma sensa za simu yako.
- Karatasi kubwa moja na maka pen moja kwa kila wanafunzi wanne. Moja tu, nitaeleza kwa nini.
- Maswali matatu kwa wiki. Ndio, matatu. Mengine waachie wakapige msuli wenyewe.
- Taarifa za darasa lako: wangapi wametoka fomu siksi na wangapi wameingia kwa diploma. Mwulize CR, kiongozi wa darasa, anajua.

Hilo la mwisho usilipuuze. Aliyetoka fomu siksi ana kalkulasi ila mara nyingi hajawahi kushika spana, na aliyetoka diploma amefungua injini amefunga ila diferensiesheni inamtoa jasho. Ukiwachanganya vizuri kwenye makundi wanabebana. Ukiwaacha wakae wanavyotaka utakuta diploma wote wako nyuma kwenye kona wamenuna.

Hatua ya 1: Wapime kabla hujafungua mdomo

Wiki ya kwanza toa maswali mafupi ya kuchagua jibu, yasiyo na hesabu hata moja. Lipo jaribio maarufu kuhusu dhana ya fosi, lilitolewa Marekani mwaka 1992 na Hestenes na wenzake, toleo la sasa lina maswali 30, waalimu wengi duniani wanalitumia. Ukilipata kusanya karatasi zote mwishoni, usiruhusu mtu apige picha, likiingia kwenye madesa limekufa, mwakani wote watapata 30 na hamna utakachojifunza. Ukikosa tunga yako kumi ya aina hiyo.

Usitoe alama, na waambie kabisa hamna alama. Tena mwisho wa semesta warudishie maswali yaleyale uone wamesogea kiasi gani. Mwaka 1998 Richard Hake alichapisha matokeo ya wanafunzi 6,542 wa madarasa 62 ya sekondari na vyuo yaliyopimwa hivi kabla na baada. Madarasa ya kusikiliza tu yalisogea kwa wastani wa asilimia 23 ya pengo walilokuwa nalo, ya kujadiliana na kushika vitu asilimia 48. Nadharia inaishia hapo, sina nyingine.

Hatua ya 2: Safisha maneno

Hii hatua TA wengi wanairuka kwa sababu lekcha ni ya Kiingereza, tesiti ya Kiingereza, wanaona Kiswahili hakihusiki. Kinahusika sana, kwa sababu kichwani mtu anafikiri kwa lugha aliyolelewa nayo na huko neno "nguvu" linabeba mizigo mitatu. Kiingereza kinatenganisha fosi, enaji na pawa. Mtaani vyote ni nguvu: gari lina nguvu, umeme hauna nguvu leo, nimeishiwa nguvu, sukuma kwa nguvu. Sasa mwanafunzi akisoma kwamba kitu kinachokwenda mwendo uleule hakina fosi ya jumla, yeye anasikia "hakina nguvu", anashangaa, gari liko spidi mia halina nguvu vipi?

Kwa hiyo dakika kumi za kwanza andika ubaoni: kani, nishati, pawa. Wengi waliosoma shule za msingi za Kiswahili walishakutana na kani na nishati kwenye sayansi, hawaamini kama vinarudi chuo kikuu, wanacheka, basi umeshawapata. Nishati waelezee kwa LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Ile uniti unayonunua ni kilowati-saa, yaani nishati, juli milioni 3.6. Pasi ya wati 1,000 ukiiwasha saa nzima imekula uniti moja, ukiwasha taa ya wati 10 itakwenda saa mia moja kwa uniti hiyohiyo. Wati ni kasi ya kula, uniti ni kilicholiwa. Hapo hamna asiyeelewa kwa sababu kila mtu gheto kashaishiwa uniti usiku.

Alafu "uzito". Buchani ukiomba kilo tatu unanunua masi, na masi haibadiliki hata ukiipeleka mwezini. Uzito ni kani, Dunia inavyoivuta hiyo nyama, niutoni 29 na ushee. Kwenye karatasi zao utaona "uzito = 3 kg", kata palepale kuanzia wiki ya kwanza, ukiionea huruma itakusumbua mpaka mwezi wa pili.

Angalizo: usigeuze tutoria kuwa darasa la Kiswahili. Jadilini kwa Kiswahili, ila kabla ya kutoka kila kundi liandike sentensi moja ya Kiingereza ya walichokubaliana, maana kwenye tesiti hakuna atakayewatafsiria.

Hatua ya 3: Watabiri, wapige kura, ndo uonyeshe

Hapa ndo moyo wa kazi, nitakaa kidogo.

Ning'iniza chupa kwenye mizani. Isome kwa sauti, tuseme kilo moja na nusu, kwa hiyo kani kama niutoni 15. Sasa uliza: nitaipandisha hii chupa taratibu kwa mwendo uleule bila kubadilisha, mizani itasoma (1) zaidi, (2) sawasawa, (3) pungufu? Sekunde thelathini, kila mtu peke yake, hamna kuongea. Kisha wapige kura kwa vidole, vidole vikiwa vimebanwa kifuani ili jirani asione. Mikono ya kunyoosha juu sahau, wataangalia yule kipanga wa mbele amenyoosha nini.

Kwangu kila mwaka namba moja inashinda, tena kwa mbali. Usiseme kitu, usikunje hata uso. Waambie: mtafute jirani mwenye jibu tofauti na lako, mna dakika mbili, mshawishi. Kelele zitaanza, ziache. Piga kura tena. Alafu pandisha chupa, na mmoja wao awe karibu anasoma mizani kwa sauti.

Mizani inabaki palepale.

Angalia nyuso zao hapo. Kuna mwaka kijana mmoja aliyeingia kwa diploma, aliyewahi kuwa saidia fundi saiti, akasimama akasema "Mwalimu, hapana, ndoo ya zege nimevuta mimi, inakuwa nzito ukiipandisha." Nikampa kamba na chupa, nikamwambia vuta. Akavuta, mizani ikaruka juu, akacheka, "si unaona!" Nikamwomba arudie, na safari hii darasa lote liseme mizani imeruka *lini*. Akavuta tena. Wakaona: inaruka pale mwanzo tu, inapoanza kuondoka, alafu inatulia, alafu karibu na juu anaposimamisha inashuka chini ya kawaida. Yule kijana alikuwa sahihi kuhusu alichokihisi mkononi, alikuwa hajatenganisha kuanza na kuendelea. Sasa ndo nikaandika hesabu: ndoo ya kilo 20, ikitulia au ikipanda mwendo uleule tensheni (kani ya kamba) ni niutoni 196, ikianza kwa mchapuko (kasi ya mwendo kubadilika) wa 0.5 m/s² inakuwa 206, ikipunguza mwendo kwa 0.5 inapokaribia juu inakuwa 186. Inapanda na tensheni ni ndogo kuliko uzito! Hiyo sentensi ningeiandika ubaoni bila ile chupa wangeinakili tu kama zingine.

Utaratibu wa kura: kama waliopata ni chini ya thuluthi hivi, mjadala hautasaidia, watapotoshana, rudi ueleze kidogo kwanza. Wakiwa zaidi ya asilimia sabini, endelea mbele usipoteze muda. Katikati hapo ndo mjadala unalipa. Njia hii aliisambaza Eric Mazur wa Harvard kuanzia miaka ya 1990. Wengine huko wana vifaa vya kubonyeza, sisi tuna vidole na vinafanya kazi ileile.

Maswali mengine ambayo hayajawahi kuniangusha:

Lori la mchanga limegongana uso kwa uso na bajaji, nani kapigwa kani kubwa zaidi? Watasema bajaji. Kani ni sawa kabisa. Lori tuseme tani 20 na bajaji na abiria wake kilo 500, kwa hiyo mchapuko wa bajaji ni mara 40, ndo maana inayopondeka ni bajaji.

Gari likitoka spidi 60 kwenda 120, umbali wa breki unaongezeka mara ngapi? Watasema mbili, ni nne. Kwa lami kavu, ukichukua msuguano wa 0.7, ni kama mita 20 kwenye 60 na mita 81 kwenye 120, na hapo bado hujahesabu muda wa dereva kushtuka.

Na lile la mpira. Umerusha mpira juu, umefika kileleni, mchapuko wake ni ngapi? Hili litaletwa na wao wenyewe, "Mwalimu, samahani, si umesimama? Ukisimama si sifuri?" Zamani nilikuwa najibu "hapana, ni 9.8, kumbuka hiyo", jibu la kizembe. Siku hizi nasema haya, tuseme ni sifuri, velositi sifuri na mchapuko sifuri, sekunde inayofuata mpira utafanya nini? Kimya. Alafu kuna mtu wa nyuma lazima aseme "utabaki hukohuko", darasa linavunjika mbavu na swali limekwisha bila mimi kutoa jibu.

Hatua ya 4: Mchoro wa kani, na mshale yatima

Hapa ndo ile karatasi moja na maka moja kwa watu wanne. Ukiwapa kila mmoja yake wanakaa pamoja ila kila mtu anafanya kivyake. Maka moja inawalazimisha waulizane kabla ya kuchora. Na mshika maka awe yule mwenye wasiwasi kuliko wote, kipanga aongee tu.

Sheria zangu za mchoro, naziandika ubaoni na hazifutwi semesta nzima:

1. Chagua kitu kimoja, kizungushie duara. Ndoo peke yake, bila kamba na bila fundi.
2. Dunia inakivuta, mshale wa kwanza. Kisha zunguka ukiangalia nini kinakigusa, kila kinachogusa kinaweza kuwa na mshale. Kisichogusa hakina (sumaku na umeme tutakutana navyo mbele).
3. Kila mshale uandikiwe sentensi yenye mtendaji na mtendwa: *kamba inaivuta ndoo*, *Dunia inaivuta ndoo*.

Mshale usio na mtendaji naita mshale yatima, na unafutwa hapohapo. "Fosi ya mwendo", haya, nani anaisukuma ndoo? Hamna? Futa. Abiria wa daladala anayerushwa mbele dereva akifunga breki, nani anamsukuma mgongoni? Hamna, yeye anaendelea na mwendo wake, daladala ndo limepungua. Futa. Baada ya wiki tatu wanafutiana wenyewe, unasikia kundi la pembeni "huyo yatima huyo", unatabasamu unapita.

Hizo sentensi zina faida nyingine, sheria ya tatu ya Newton (kila kani ina pacha wake, sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo) inakuwa sarufi tu. Geuza mtendaji na mtendwa: *kamba inaivuta ndoo* inakuwa *ndoo inaivuta kamba*, hao ndo pacha. Kitabu juu ya meza? Karibu wote watakwambia pacha wa uzito ni meza inayokisukuma kitabu juu. Geuza sentensi: *Dunia inakivuta kitabu*, pacha wake *kitabu kinaivuta Dunia*. Meza haimo kwenye hiyo sentensi, kwisha habari.

Wakishazoea wape kitu cha kihandisi, wao wamekuja kusoma uhandisi jamani sio kuning'iniza chupa mpaka Juni. Mimi napenda daraja la Nyerere pale Kigamboni, lile la kebo lililofunguliwa 2016, mita 680. Chukua kebo moja, tuseme ina tensheni ya kiloniutoni 2,000 na pembe ya digrii 30 na barabara (namba za kufanyia zoezi, usiende kuzipeleka TANROADS). Wote wataona inainua barabara kwa kiloniutoni 1,000, kama tani mia moja. Wachache wataona kwamba kebo hiyohiyo inaivuta barabara kuelekea kwenye mnara kwa 1,732, kani kubwa kuliko ile ya kuinua. Waache wagombane na hilo.

Angalizo la pembe: kwenye mteremko watachanganya saini (sin) na kosaini (cos) mpaka mwisho wa dunia kama wanakariri. Wafundishe kujiuliza, mteremko ukilala kabisa ukawa sifuri, kani ya kuteremsha inatakiwa iwe ngapi? Sifuri. Ipi inatoa sifuri kwenye sifuri? Saini. Basi.

Hatua ya 5: Namba zije mwisho

Wamalize kwa herufi, ndo waingize namba, ndo washike kikokotozi. Watalalamika kwa sababu fomu siksi walizoea kumwaga namba mstari wa kwanza. Shikilia hapohapo.

Kabla ya kukubali jibu waulize linaingia akilini? Nimewahi kupokea tensheni ya kamba ya nguo niutoni milioni mbili, imepigiwa mistari miwili chini kwa rula.

Na wale wa Casio, wiki ya kwanza wote wabonyeze saini ya 30. Ikitoka 0.5 sawa. Ikitoka -0.988 iko kwenye radiani badala ya digrii. Kila mwaka wapo watatu wanne, na bila hilo zoezi wangegundua kwenye tesiti.

Hatua ya 6: Zoezi moja la kupima, lifanywe vizuri

Kamba na kufuli. Funga kamba juu ya dirisha au kwenye reli ya ngazi, urefu mita moja kuanzia fundo mpaka *katikati* ya kufuli, vuta pembeni kidogo tu, achia, pima muda wa kwenda na kurudi mara 20, gawa kwa 20 upate T (muda wa kwenda na kurudi mara moja), g (mchapuko wa kitu kinachoanguka) ni 4π² mara urefu gawa kwa T mara T. Kwa mita moja wanatakiwa wapate kama sekunde 40.2 kwa zote 20. Sisi tuko karibu na ikweta, g yetu ni kama 9.78, kwa hiyo aliyepata 9.81 kamili mwangalie mara mbili, huenda kapika.

Utamu ni kwamba makosa yenyewe yanajieleza. Kundi likileta g ya 10.8, wameanza kuhesabu "moja" wakati wanaachia kufuli, kwa hiyo wamehesabu mizunguko 19 wakidhani 20. Waambie waanze na "sifuri". Wakileta 9.4, wamepima kamba mpaka juu ya kufuli badala ya katikati, sentimita nne tu hizo zimewapeleka huko. Unasoma namba tu unawaambia walichofanya, wanakuona mganga. Na akikuandikia g = 9.783456, mrudishie, mwulize futi yake inasoma mpaka wapi.

Phyphox nayo itumie siku hiyo wakisubiri zamu. Fungua kipimo cha mchapuko pamoja na g, laza simu mezani, inasoma 9.8. Imetulia, kwa nini 9.8? Iangushe kwenye godoro au mto mnene, ikiwa hewani inasoma karibu na sifuri. Inachosoma ni meza inavyoisukuma. Tumia simu yako, ya mwanafunzi usiiguse, sitaki kusikia kesi.

Hatua ya 7: Alama zifuate mchoro

Ongea na lekchara wako kwa adabu mapema kabla tesiti haijatungwa. Swali la alama 10, angalau nne ziwe za mchoro wa kani, na kwenye kila tesiti swali moja lisiwe na namba kabisa. Bila hivyo kazi yako yote hapo juu ni burudani, mwanafunzi anasoma kile kinacholipwa, hata wewe ulikuwa hivyo.

Ukikwama

*Hamna anayejibu.* Usijibu mwenyewe. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi baada ya kuuliza, ni ndefu hatari lakini kuna mtu atavunja. Ikishindikana rudi kwenye vidole. Na lile swali "mmeelewa?" lifute kabisa, halijawahi kupata jibu la kweli.

*Wanadai solusheni.* CR atakuja, "Mwalimu, wenzio wa grupu B wamepewa PDF." Wape majibu ya mwisho tu, namba na kizio, njia watafute. Atakayekwama aje na mchoro wake wa kani mkononi, asije na karatasi tupu.

*Darasa la watu 90, viti 50.* Makundi yabaki ya wanne na wengine wasimame ukutani, karatasi zibandikwe ukutani, kumbe ni bora zaidi kwa sababu unazunguka unaona michoro yote kwa mpigo. Chaguo la pili ni kumwomba mtu wa ratiba agawe grupu, ila hilo utazeeka ukisubiri.

*Umeme umekatika.* Ndo maana hamna projekta kwenye orodha yangu.

*Wamefeli tesiti ya kwanza wamekata tamaa.* Hapo kuna mtu anawaza sapu (mtihani wa marudio) na kudisko (kuondolewa chuo), na bumu (hela ya mkopo) limeisha. Mwite mmoja mmoja, fungua karatasi yake, onyesha ni wapi mshale mmoja tu ulimpotezea alama sita. Ukihutubia darasa zima kuhusu juhudi wanasikia redio.

*Umeulizwa swali hulijui.* Sema hujui, liandike, rudi nalo wiki ijayo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friza ukiwa moto umeganda kabla ya uliopoa. Alipouliza alichekwa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Baadaye akiwa Mkwawa alimuuliza tena Denis Osborne, aliyekuwa anafundisha chuo kikuu Dar es Salaam, mbele ya wenzake, wakacheka tena. Osborne hakucheka, alirudi Dar akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kwa nini inatokea na hata kama inatokea kila mara. Kwa hiyo dogo akija na swali la ajabu mwambie alete friza.

*Uko nyuma ya ratiba.* Utakuwa nyuma, wiki mbili za mwanzo hasa, wenzako watakuwa swali la nane na wewe la pili. Punguza mifano ya ubaoni ila kura na michoro usiviguse. Kuanzia wiki ya tano hivi wanashika kasi wenyewe. Na kufuli lako libandike jina, mimi nimeshapoteza matatu.